Mwambie Kabla ya Nikaha



Wiki iliyopita tulikuwa chumbani tunamsinga mtoto wa dada yangu. Harusi yake ni Mfunguo Pili, inshaallah. Wenzetu walipotoka kunywa chai, akanishika mkono na singo yake mwilini, akaninong'oneza: "Mamdogo, yeye hajui kama mimi nacheza karate. Nimwambie, au niache tu yaishe?"

Nilikaa kimya kidogo. Swali lile lilikuwa langu miaka kumi na tatu iliyopita, na mimi nilichagua vibaya.

Karate nilianza nikiwa darasa la tano, nikafika mpaka mkanda wa kahawia. Ilipokuja posa, niliifunga nguo yangu ya karate ndani ya kanga nikaitia chini kabisa ya sanduku. Hakuna aliyenikataza. Nilijikataza mwenyewe, kwa kuogopa wakwe wasije wakasema wameoza mtoto wao kwa dume. Mume wangu aliikuta baada ya miaka sita, siku tuliyokuwa tunahama nyumba. Hakugomba. Aliniuliza tu: "Na kitu gani kingine sikijui?" Siku ile nililia, wallahi, maana sikuwa na jawabu.

Baadaye ndipo nikasoma habari za Ruqsana Begum, na nikajiona mle ndani.

Ruqsana ni Mwingereza mwenye asili ya Bangladesh, amezaliwa mwaka 1983 na kulelewa mashariki ya London katika familia ya Kiislamu. Alipokuwa na miaka 18, anasomea usanifu wa majengo chuo kikuu, alianza kujifunza muay thai kwa mwalimu Bill Judd, katika ukumbi wa mazoezi huko Bethnal Green. Sisi wa karate tumezoea ngumi na mateke. Muay thai inaongeza viwiko na magoti, ndiyo maana huitwa sanaa ya viungo vinane. Si mchezo ambao mama wa Kiislamu anautegemea kwa binti yake, na Ruqsana alilijua hilo. Kwa miaka kadhaa alifanya mazoezi kwa siri, wazazi hawana habari.

Kisha akaolewa, kwa ndoa iliyopangwa na wazee. Naomba tuelewane hapa: ubaya hauko kwenye kupangiwa. Hata mimi nilipangiwa, na alhamdulillah. Lakini yeye aliingia kwenye maisha mapya huku sehemu kubwa ya nafsi yake ameiacha nyuma, na mwili ukakataa. Akaanza kupata vipindi vya hofu kali, moyo unakwenda mbio na pumzi inakata. Ndoa ile haikufika mbali.

Aliporudi kwenye mazoezi, hakurudi kwa siri tena. Mwaka 2010 alikuwa bingwa wa muay thai wa Uingereza. Mwaka 2016 alitwaa ubingwa wa dunia wa kickboxing, ingawa kwa muda mrefu amekuwa akipambana na maradhi ya uchovu usiokwisha. Mwaka 2018 akaingia ngumi za kulipwa. Pamoja na hayo amefundisha wanawake wenzake, na akatengeneza hijabu za michezo zinazokaa kichwani bila pini, ili msichana asichague baina ya stara na mazoezi. Maisha yake ameyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 2020, Born Fighter.

Simtaji ili sote tukapande ulingoni. Si kila jambo katika safari yake tutalichukua kama lilivyo. Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kupiga uso, na mimi ninapowafundisha wasichana wa mtaani kwetu, uso hauguswi. Tunafanya uani, milango imefungwa, wanawake watupu. Lakini mtume huyohuyo alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na akatufundisha kuwa muumini mwenye nguvu ni bora kuliko dhaifu, na kila mmoja ana kheri. Kujenga mwili si aibu. Kilichoniumiza mimi kilikuwa ni kuficha.

Nikamwambia mwari wangu: mwambie, tena kabla ya nikaha. Usimdokeze kwa utani akacheka, kisha ukajihesabia kuwa umeshasema. Mweleze wazi unafanya nini, wapi, na nani, na unavaa nini. Kama unaona haya, mpe baba yako aseme na upande wa pili, ndiyo kazi ya walii. Jambo lililo halali unalolitaka, liweke kama sharti. Dini yetu imeyapa uzito mkubwa masharti ya ndoa, na katika masharti yote hayo ndiyo yenye haki zaidi ya kutimizwa.

Na kabla ya kusema, jiulize mwenyewe: lipi uko tayari kuliacha, na lipi ukiliacha utajikosa? Yeye akasema mashindano mbele ya wanaume hayataki hata mwenyewe. Mazoezi na kufundisha watoto wa kike, hayo hawezi kuyaacha.

"Na akikataa, Mamdogo?"

Nilimwambia kweli, sikumpamba. Akikataa, utakuwa umejua leo, upo kwenu, na wazazi wako wapo. Hilo ni jepesi kuliko kujua baada ya miaka sita na watoto wawili.

Alisema naye juzi, baba yake akiwepo. Kijana alinyamaza siku mbili, na sisi hatukulala. Siku ya tatu akatuma maswali: mwalimu ni nani, ni saa ngapi, na je, dada yake mdogo anaweza kujiunga?

Mume wangu siku hizi ndiye anayenikumbusha kuifua nguo ile. Mkanda bado ni wa kahawia. Nafikiria kuutafuta mweusi, na safari hii amejua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwenyezi Mungu awajaalie maharusi wetu wote uwazi, mapenzi na stara. Amin.