Daka na Nyumba: Urefu wa Dibaji katika Riwaya ya Fantasia

Nyumba kongwe za mawe za Lamu zina daka mbele ya mlango. Mgeni huketi hapo, akaamkiwa, ndipo akakaribishwa ndani. Dibaji ya riwaya ya fantasia nayo ni daka. Msomaji anaingia nchi asiyoijua wala kuwa na jamaa ndani yake, na mwandishi, kwa kuchelea asije akatangatanga, humlundikia nasaba za wafalme na vita vya miaka elfu.

J.R.R. Tolkien alithubutu kufanya hivyo. Katika The Lord of the Rings (1954), dibaji yaeleza asili ya Wahobiti, tumbaku yao na utawala wa nchi yao. Yaeleza pia jinsi Bilbo alivyoipata pete, na jinsi alivyowaficha rafiki zake ukweli wa jambo hilo. Habari ya pete ndiyo dibaji hasa. Mtu mwema kusema uongo kwa ajili ya kitu kidogo cha kidoleni humtia msomaji shaka, na shaka humvuta mbele. Tumbaku humpendeza aliyekwisha kuipenda nchi ile. Mgeni ana haki ya kuiruka.

George R. R. Martin, katika A Game of Thrones (1996), alitosheka na kurasa chache: askari watatu ng'ambo ya ukuta wa barafu. Wawili wafa. Wa tatu atoroka, na katika sura ya kwanza akatwa kichwa kwa utoro wake. Wanaomtazama akifa hawajui alichokiona. Msomaji anajua, na siri hiyo haimpi nafasi ya kukifunga kitabu.

Robert Jordan naye dibaji zake zilizidi kurefuka, hata mwaka 2000 ile ya Winter's Heart, kitabu cha tisa cha mfululizo wake, ikauzwa peke yake kwa njia ya kielektroniki. Wenyeji hawachoki dakani. (Na wakichoka, wamekwisha kulipa.)

Watunzi wa tenzi za pwani nao wana dibaji yao ya desturi: jina la Mungu, sifa za Mtume, wino na karatasi. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa 1858, hakuiacha desturi hiyo, lakini kabla ya yote alimwita bintiye asogee karibu. Beti chache baadaye wasia wenyewe umeanza. Alikuwa ameugua mwaka mzima, na mengi yalikuwa bado hajamwambia.