Tangazo Letu Halikutaja Mahali

Dada yangu, ikiwa unasoma haya huku watoto wamekaa nyumbani na hujui kesho yao, nakusimulia yaliyonipata. Alhamdulillah nimevuka, ingawa mwili bado haujasahau.

Mimi ni mama wa Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti yetu. Baada ya hapo walimu wengi wa kutoka kaunti nyingine wakaondolewa. Siwalaumu, nani angekaa? Shule ya wanangu ikabaki na walimu wa kuhesabika. Tukasema tutavumilia. Machi ikaja korona, na hata lango la shule likafungwa.

Nikaanza kuwasomesha mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la nane. Asubuhi tunatandika mkeka, tunafungua redio ya KBC tusikilize vipindi vya masomo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule. Nilikuwa tayari kumpeleka. Wapi?

Mwanangu mkubwa alikuwa mtahiniwa wa darasa la nane. Siku moja ya mwezi wa Ramadhani, alifunga daftari. "Hooyo, nisome ili iweje? Waliosoma si ndio waliouawa pale chuoni?" Alikuwa mdogo sana ile Aprili 2, 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Nilidhani hakumbuki. Sikuwa na jibu.

Baada ya Alasiri akatoka.

Magharibi ikaadhiniwa. Hakuja. Tukafuturu. Tende zake zikabaki sahanini. Saa moja kafyu ikaanza. Baba yake akasimama mlangoni na tochi. Hawezi kutoka. Simu ya kijana imezimwa. Mto Tana ulikuwa umefurika. Nikawaza mto. Nikawaza mamba. Kisha nikawaza lile ambalo kila mama wa kwetu mwenye mvulana analijua na halitamki: kuna watu wanaowatafuta vijana waliokata tamaa. Isha ikapita. Sikulia. Sikuweza. Mama mkwe aliketi nami chini, tasbihi mkono mmoja, mkono wa pili ameshika wangu. Daku hakuna aliyekula.

Kulipopambazuka akaingia. Alikuwa kwa mjomba wake, bulla ya pili, mtaa wa jirani. Kafyu ilimkuta huko na simu ikaisha chaji. Basi. Lakini hata sasa, mmoja wao akichelewa, tumbo hunikata kabla sijatazama saa.

Mama mkwe ndiye aliyeniambia, "Unawasomesha peke yako, unaogopa peke yako. Waite wenzako." Nikaenda kwa jirani, kwa wifi, kwa mama anayeniuzia maziwa ya ngamia. Kila nyumba ilikuwa na mkeka wake, na mama aliyedhani yuko peke yake. Tukagawana kazi: huyu hesabu, yule Kiswahili. Masharti ya korona yalipolegezwa kidogo, tukaazimia siku moja ya familia zote zinazosomesha nyumbani, Desemba 2020.

Uwanja tulipewa na mzee mmoja: mti mkubwa, na milango miwili. Milango miwili ndiyo niliyoitaka. Chifu akatoa ruhusa, tukaandaa barakoa na jerikeni za maji na sabuni. Tulipowaza vitabu vya watoto, nikakumbuka ngamia wa maktaba ya taifa, walioanza kupeleka vitabu kwa watu wa Garissa mwaka 1996. Sisi hatukuwa na ngamia, kwa hiyo kila nyumba ilete vilivyokwisha kusomwa, ichukue vingine.

Lakini utawatangaziaje watu mkusanyiko, mahali ambapo mkusanyiko wenyewe ndio unaotisha? Tulirekodi sauti za WhatsApp, kwa Kisomali na Kiswahili, kwa kuwa kina mama wengi hawasomi. Tukataja siku. Mahali hatukutaja. Wauza maziwa wakabeba habari nyumba hadi nyumba. Malim wa duksi, yaani madrasa ya Kurani, akawaambia wazazi baada ya swala ya Ijumaa. Wengine walinicheka: shughuli gani haina mahali? Siku yenyewe, baada ya Adhuhuri, tukawatuma watoto wapite milangoni kuelekeza. Waliotoka kijiji cha Sankuri waliambiwa tu wafikie soko la mifugo, na mume wangu, ambaye ni dalali pale, akawapokea.

Walikuja wengi kuliko chai tuliyopika. Mwalimu mmoja aliyebaki mjini akawapa watahiniwa mtihani chini ya mti. Wadogo wakashindania kalamu kwa hesabu za kichwa, na msimamizi wao alikuwa mwanangu mkubwa, mkali kuliko mwalimu yeyote. Mimi niliketi nikitazama lango mwanzo hadi mwisho. Wenzangu walikuwa wakicheka. Mola aliniletea dada zangu hawa, na sijui ningefika wapi bila wao.

Shule zilifunguliwa kwa madarasa yote Januari 2021, na Machi mwanangu akafanya KCPE, mtihani wa darasa la nane. Walimu bado hawatoshi, kwa hiyo mikeka haijakunjwa, na siku yetu ya familia tunaifanya likizo inapofika. Mume wangu anataka sasa tubandike karatasi sokoni, yenye siku, saa na mahali, kama watu wengine. Mama mkwe anamuunga mkono. Mimi nimekubali siku na saa.