Panya, Mimba na Kelele za "Mwizi!"

Ndugu msomaji, leo siasa tuziweke pembeni. Nataka tuzungumze kuhusu panya. Si panya buku wanaotunyima usingizi huku uswahilini, hapana, ni wale wadogo wa maabara. Nilipomwambia mhariri wangu kuwa nataka kuiandika habari hii gazetini alicheka, akaniuliza, "Sasa hapo kichwa cha habari ni kipi?" Basi nikaona niilete hapa, ambako mhariri ni mimi mwenyewe.

Panya huyu ana jeni inayoitwa Crry. Ili uielewe, tuanze na damu. Ndani ya damu yako kuna kundi la protini linaloitwa komplementi. Jina hilo lilitolewa na Mjerumani Paul Ehrlich mwishoni mwa karne ya 19. Kazi yake ni kupambana na vijidudu: kuvipaka alama ili chembe nyeupe zivimeze, kuita msaada, hata kuvitoboa vife. Kiungo kikuu katika kundi hilo ni protini iitwayo C3.

C3 ina tabia moja ya hatari: haisubiri adui aonekane. Muda wote kiasi kidogo hubadilika chenyewe, na kipande chake hunata juu ya chochote kilicho karibu, iwe bakteria au seli yako mwenyewe. Kikishanata kimoja, huvuta vingine. Kama umewahi kuwa Kariakoo mtu akapiga kelele "Mwizi!", unajua mambo yanavyokwenda. Wa pili kufika haulizi kaiba nini. Wa tatu tayari ana tofali mkononi.

Sasa mbona hatujimalizi? Kwa sababu seli zetu zimevaa walinzi, protini zinazokivunja kile kipande cha C3 kabla umati haujajaa. Ni kama mzee wa mtaa anayesema, "Huyu namjua, ni wa hapa hapa, mwacheni." Binadamu tuna CD46 na CD55 kwa kazi hiyo. Kwa panya, sehemu kubwa hufanywa na Crry.

Mwaka 2000, watafiti wa maabara ya Hector Molina katika Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, pamoja na wenzao, walitoa ripoti kwenye jarida la Science. Walikuwa wameiondoa jeni ya Crry kwa panya ili waone kitatokea nini. Vijusi visivyo na Crry havikuzaliwa. Vyote vilikufa tumboni, mimba ikiwa katikati. Pale kijusi kinapokutana na mama, pale panapotengenezwa kondo la nyuma, C3 ilikuwa imejaa na kushambulia.

Halafu wakafanya jambo ambalo kwangu mimi ndiyo habari yenyewe. Waliondoa na C3 pia. Vijusi visivyo na Crry wala C3 vikazaliwa hai! Kwa hiyo watoto wale hawakuwa na kasoro iliyowazuia kuishi. Kilichowaua ni ulinzi uliokosa mtu wa kuuambia "acha". Mwaka 2003 kundi hilo hilo likaonyesha kuwa hata kingamwili hazikuwa na mchango wa maana. Hakuna aliyewashtaki vijusi wale kwa jina. Ni ile C3 inayojiwasha yenyewe, basi.

Kwa nini nakusumbua na haya? Nina shangazi aliyepoteza mimba tatu. Kila ilipotoka, ukoo ulikaa kikao. Mara alibeba ndoo nzito, mara alitoa mimba akiwa msichana, mara kalogwa. Mumewe hakuulizwa kitu. Shangazi mwenyewe mpaka leo anaamini kuna jambo alilifanya.

Sisemi shangazi alikuwa na tatizo la komplementi. Mwanamke si panya, na mimba nyingi zinazoharibika mapema huwa na kasoro za kromosomu. Lakini kuna wanawake ambao damu yao ina kingamwili zinazosababisha mimba kutoka mara kwa mara, na hapo yule panya ana la kusema. Mwaka 2002 watafiti waliwapa panya wajawazito kingamwili za aina hiyo, wakazuia C3 kwa dawa iliyotengenezwa kutokana na Crry yenyewe, na mimba zikaokoka. Mwaka 2004 ikaonekana kuwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo wanawake hao hupewa pamoja na aspirini, iliokoa mimba za panya kwa kuituliza komplementi. Dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda isiyogusa komplementi haikuziokoa.

Fikiria, jamani. Kuna ugonjwa unaopimika kwa damu na wenye tiba, na kuna mwanamke anapelekwa kwa mganga au anarudishwa kwao kwa sababu hiyo hiyo.

Mhariri wangu anataka kichwa cha habari. Ningekuwa na nafasi ningeandika hivi: "Mimba ikitoka, muulizeni daktari kabla ya kumuuliza mke." Ni kirefu, najua, hakitatoshea ukurasa wa mbele.

Nyie mnasemaje? Kwenu, mimba ikitoka, kikao huanza kwa swali gani?