Kadi ya Zamani, Chapa Mpya

Hapa kambini neno kadi halina mchezo. Ukilitamka tu, mtu anashika mfuko wake. Kuna kadi ya mgao, kuna kadi ya kliniki ya mtoto, na ukipoteza ile ya kwanza nyumba nzima inalala na wasiwasi mpaka mambo yatengenezwe. Kwa hiyo siku mdogo wangu aliponipigia kutoka Iowa, Marekani, na kusema, "Yaya, nimekutumia kadi," nilifikiri ni kadi ya benki. Nikaanza kupiga hesabu ya mabati.

Mwezi mmoja baadaye mgeni aliyekuja kuwasalimia ndugu zake Kasulu akaniletea boksi dogo lililofungwa kwa gundi ya karatasi. Nikafungua mbele ya watoto. Ndani zilikuwa kadi 120, zenye picha za malaika, majini, misitu na moto. Mchezo! Ndugu msomaji, nilikasirika. Siyo kwa sababu napinga mchezo. Ni kwa sababu wiki ileile nilikuwa nimetoka kufukuzwa mezani kwa ajili ya karatasi, na sasa ndugu yangu ananitumia karatasi nyingine zisizo na kazi.

Acha nianze na karatasi ya kwanza.

Tulipovuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Fizi, nilikuwa na bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, na ndani ya bahasha ilikuwamo diploma yangu ya Serikali. Nilisomea ualimu. Usiku ule mtumbwi uliingia maji, tukawa tunayachota kwa sufuria. Asubuhi tulipofika Kigoma nilifungua bahasha nikakuta uji. Mhuri umeyeyuka, jina langu limeyeyuka. Nilishukuru Mungu kwa watoto, nikatupa ule uji.

Miaka ikapita. Mjomba aliyebaki kule nyumbani akanifuatilia duplikata. Alienda, akarudi, akaambiwa aje kesho, akalipa nauli, akaambiwa tena aje kesho. Ilichukua karibu miaka miwili. Ilipofika nilitaka kuiweka kwenye fremu. Kulikuwa na nafasi ya mafunzo ya walimu, nikaipeleka ofisi iliyokuwa inaandikisha. Kijana wa mezani akaigeuza mbele na nyuma.

"Mama, hii imetolewa juzi. Tunataka ile ya mwaka uliomaliza."

"Ile iko ziwani."

"Basi lete ya awali."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikijiuliza huyu mtoto anataka nizamie.

Ndiyo maana nilipompigia mdogo wangu sikuanza na asante. Nilimwambia mambo yote ya duplikata, nikamaliza na kumuuliza kama huko Iowa pesa zimemzidi. Akanyamaza. Halafu akanitumia sauti ndefu ya WhatsApp, dakika kumi na moja, na ndani yake nikapata somo ambalo sikulitarajia.

Yeye anafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha nyama. Siku za mapumziko anaenda kwenye duka moja ambako wanaume wa rika la baba mdogo wetu wanakaa mezani kucheza Magic: The Gathering. Mchezo huu ulitungwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993. Kila mchezaji ana fungu lake la kadi, zisizopungua 60, na anaanza na uhai 20. Unatumia kadi za ardhi kupata nguvu, na kwa nguvu hiyo unaita viumbe au unatupa uchawi, mpaka uhai wa mwenzako ufike sifuri. Kadi ya aina moja huruhusiwi kuweka zaidi ya nne, ila zile za ardhi za kawaida.

Sasa, mwaka 2003 kampuni ilibadilisha sura ya kadi: fremu mpya, maandishi mapya. Wengine wakapenda. Wengine wakasema hapana, sisi tunabaki na za zamani, kama vile kuna watu hawasikilizi muziki wowote baada ya Franco kufa. Kuna kundi linaitwa Premodern, linacheza na kadi za matoleo ya mwaka 1995 hadi 2003 tu. Kuna kundi lingine linarudi nyuma zaidi, kwenye kadi za 1993 na 1994. Shida ni kwamba kadi za mwanzo ni chache na bei yake inatisha. Kuna moja inaitwa Black Lotus, bei yake ingejenga mtaa mzima hapa.

"Basi wewe unacheza na nini?" nilimuuliza.

"Na za kuchapwa upya, Yaya. Haiko bongo, iko kadi ya kweli. Ni ileile, wameichapa tena."

Ndipo akanieleza zilizokuwa ndani ya boksi langu. Fungu moja jekundu, jingine jeupe. Katika jekundu kuna Lightning Bolt, yaani radi: unalipa nguvu moja nyekundu, unampiga mwenzako alama tatu. Ilitoka mwaka 1993 ikiwa na ukingo mweusi. Zangu ni za Toleo la Nne, mwaka 1995, na ukingo wake ni mweupe. Mtu mwenye pesa anataka nyeusi. Lakini tatu ni tatu. Radi ya ukingo mweupe haipigi mbili na nusu.

Katika fungu jeupe kuna Swords to Plowshares, mapanga kuwa majembe. Jina limetoka kwenye unabii wa Isaya, na nilipolisikia nikakaa chini. Kwa nguvu moja tu unamwondoa mpiganaji wa adui, asirudi kabisa, hata makaburini haendi. Lakini adui yako anaongezewa uhai sawa na nguvu za yule mpiganaji. Sisi tuliotoka Kivu tunaijua hesabu hiyo: mwenye bunduki akiiweka chini, naye lazima apewe kitu cha kuishi. Kadi hii nayo imechapwa mara nyingi, na zangu ni za 1995.

Halafu kuna City of Brass, Mji wa Shaba. Watu wa pwani watalikumbuka jina hilo kutoka kwenye hadithi za Alfu Lela Ulela, na kweli kadi ilitoka mwaka 1993 katika seti iliyotungwa kutokana na hadithi hizo. Ardhi hiyo inakupa nguvu ya rangi yoyote unayotaka, ila kila ukiitumia inakuumiza alama moja. Mwaka 1995 kampuni ikaichapa tena, pamoja na jini mmoja aitwaye Erhnam Djinn, katika seti ya Chronicles. Maskini wakafurahi. Waliokuwa wamehifadhi za kwanza wakapiga kelele kwamba mali yao imeshuka thamani. Kelele zikafika mbali: mwaka 1996 kampuni ikatoa orodha ya kadi ambazo iliahidi kutozichapa tena kamwe. Black Lotus imo. Jini mwingine, Juzám Djinn, naye yumo. Ambaye hakuwahi, hakuwahi.

Lakini nje ya orodha hiyo mlango uko wazi. Mwaka 2006, katika seti ya Time Spiral, walirudisha kadi 121 za zamani zikiwa na fremu ya zamani, na kuziwekea alama ya rangi ya zambarau ili zijulikane. Mojawapo ni Psionic Blast, ambayo ilikuwa haijachapwa tangu 1993: inampiga mwenzako nne, na wewe mwenyewe inakupiga mbili. Mwaka 2022 wakatoa vyombo na mashine 63 za zamani kwa fremu ileile, katika seti inayoitwa Vita vya Ndugu. Hapo nilicheka, lakini siyo kicheko cha furaha. Mwaka 2023 wakairudisha Force of Will ya mwaka 1996 katika seti ya Dominaria Remastered, nayo unaweza kuipata kwa fremu ya zamani. Hiyo inazuia uchawi wa mwenzako hata kama huna nguvu hata moja mezani: unatoa kadi nyingine ya bluu mkononi, unalipa uhai mmoja, kwisha.

Mimi nikamuuliza swali la mwalimu: sasa utajuaje ipi inakubalika?

Akasema geuza nyuma. Mgongo wa kadi haujabadilika tangu 1993. Ukichanganya kadi ya miaka ile na ya mwaka jana, aliye mbele yako hawezi kujua umeshika ipi. Halafu akaniambia jambo ambalo lilinifanya niisikilize ile sauti mara tatu. Zipo kadi zilizotoka kwenye kampuni yenyewe, zinafanana kabisa na zile za kwanza, lakini kwenye mashindano rasmi hazichezwi. Mwaka 1993 walitoa seti za ukumbusho zenye pembe kali na mgongo tofauti. Mwaka 2022, kwa kuadhimisha miaka 30, wakauza pakiti nne kwa dola 999, na Black Lotus ilikuwemo miongoni mwa kadi unazoweza kubahatisha. Mgongo wake ni tofauti. Dola 999, na ukienda nayo kwenye mashindano unarudishwa, wakati mtu mwenye radi ya ukingo mweupe anakaribishwa kiti.

Kwa hiyo siyo umri wa karatasi, wala bei, wala uzuri wake. Swali ni hili: aliyeitoa ana mamlaka, na anaitambua kuwa ni ya kutumika? Hata yale makundi ya wapenda zamani yana sheria yao. Wengine wanakubali chapa yoyote, wengine wanataka fremu na mchoro wa zamani. Lakini sheria inatangazwa kabla hujakaa mezani. Hakuna anayekugeuzia kadi yako mbele na nyuma na kutunga sheria palepale.

Nilianza kuwafundisha watoto Jumamosi, chini ya mwembe karibu na darasa letu. Kadi hazitoshi, kwa hiyo wakakata nyingine kutoka kwenye maboksi na kuzichora kwa kalamu. Tunaziita za boksi. Kwetu zinachezwa, na kila mtu anajua si za kweli. Nasema hivi makusudi. Vyeti vya boksi navyo vipo hapa kambini, tusidanganyane, na watu wa ofisi wana haki ya kuviogopa. Lakini duplikata si ya boksi.

Jumamosi moja mfanyakazi wa shirika, mgeni kutoka Ulaya, alipita akasimama kama aliyeona mzimu. Akaomba kuona kadi. Akasema alikuwa nazo akiwa mtoto, na mama yake akazigawa alipoondoka nyumbani. Akaishika radi, akaangalia ukingo mweupe, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Hii si ya kwanza. Hii ni ya marudio."

Kijana wangu mmoja wa miaka kumi na miwili akamjibu, "Inaua sawasawa."

Akacheka, akaketi kwenye tofali, akapigwa michezo miwili. Baadaye, wakati watoto wanahesabu kadi kuzirudisha kwenye boksi, nikamweleza habari ya diploma. Hakuniahidi kitu, na nilimheshimu kwa hilo. Aliniuliza tu, "Uliona sheria yao imeandikwa?" Sikuwa nimeiona. Sikuwa hata nimewaza kwamba mtu kama mimi anaweza kuiomba.

Jumatatu nikarudi. Nikamwambia yule kijana, kwa upole, "Mwanangu, naomba unisomee maandishi yanayosema ni karatasi gani zinakubalika." Akaenda ndani. Akatoka na mkubwa wake, na mkubwa akatoka na karatasi. Iliandikwa: cheti, au duplikata iliyotolewa na mamlaka iliyotoa cheti cha kwanza. Mkubwa akaisoma mara mbili, akaniangalia, akasema pole.

Lakini majina ya mwaka ule yalikuwa yamekwisha kupelekwa. Nafasi yangu ilijazwa. Niliandikishwa kwa awamu inayofuata, ambayo mpaka leo ninaingoja. Sisemi uongo kwamba niliondoka na furaha. Niliondoka na karatasi inayosema jina langu limepokelewa, na nimeiweka katika mojawapo ya vile vimfuko vya plastiki ambavyo mdogo wangu aliniwekea kwa ajili ya kadi. Sasa hata mtumbwi ukiingia maji, nitaona.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, na najua mnasoma kijarida hiki, naomba jambo moja lisilo na gharama. Bandikeni mlangoni, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa pia, orodha ya karatasi mnazozikubali. Wengi wetu hatuna za kwanza. Tuna za kuchapwa upya, zenye mihuri mipya na tarehe za juzi, na kazi tuliyoisomea bado tunaiweza. Nanyi wenzangu wakimbizi, msiondoke mezani kabla hamjaomba kusomewa sheria. Ombeni kwa adabu, lakini ombeni.

Mdogo wangu nimekwisha mwambia asante. Akauliza kama nataka aniongezee fungu la kijani. Nimemwambia alete, na aweke Erhnam Djinn wa Chronicles, mwenye ukingo mweupe. Jumamosi saa tisa tupo chini ya mwembe. Yule mgeni ameshasema atakuja kulipiza kisasi.