Kiambishi Mpakani

Watu wengi wakisikia kwamba mtu hutunga programu za kompyuta, hudhani kwamba kazi yake ni hesabu tupu. Kwangu mimi, sehemu ngumu zaidi ya kazi hiyo imekuwa sarufi. Ninafanya kazi Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, katika mji ambao reli ya kutoka Kampala iliufikia mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Treni haiji tena. Siku hizi kinachosafiri kwa wingi ni ujumbe wa simu: wafanyabiashara huagiza, hupokea na hulipa kwa simu, na sharti awepo mtu wa kuyaandika maneno watakayoyasoma.

Ukitoka Kasese kuelekea kusini, barabara hugawanyika Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta. Ile inayopinda magharibi hukufikisha Bwera, kisha mpaka wa Mpondwe, ambapo mto Lhubiriha hutenganisha Uganda na Kongo. Ng'ambo ni Kasindi. Siku za soko huvuka chumvi ya Katwe, samaki, maharage, vitenge na sabuni, na bei hupatanwa kwa Kiswahili.

Mama mmoja wa Bwera alipeleka Kasindi magunia 20 ya maharage. Programu aliyokuwa akiitumia, iliyotungwa na watu wengine, ilikuwa na kitenzi kimoja kwa kila kitu: "imepokelewa". Akaletewa ujumbe huu: "Magunia 20 ya maharage, fedha taslimu, imepokelewa." Mama yule alikijua Kiswahili cha soko vizuri. Alikiona kiambishi i- akakirudisha kwenye nomino inayoafikiana nacho, yaani fedha, kwa kuwa magunia yangedai "yamepokelewa". Akaamini kwamba amelipwa, akamwahidi binti yake kuwa karo itafika shuleni Jumatatu. Kumbe yaliyopokelewa ni magunia peke yake. Mnunuzi alilipa baada ya wiki tatu, na wiki hizo zote binti alikaa nyumbani katika mwaka wake wa mtihani.

Nilipopewa kazi ya kuirekebisha programu hiyo, sikuanza na kompyuta. Nilianza na kalamu. Mimi na wenzangu tuliorodhesha bidhaa zote za soko, na kando ya kila moja tukaandika ngeli yake: gunia LI-YA, kitenge KI-VI, mkungu U-I, sabuni I-ZI. Samaki alitusumbua kidogo. Umbo lake halibadiliki katika wingi, sawa na sabuni, lakini kwa kuwa ni kiumbe huchukua A-WA. Kwa hiyo samaki 50 "wamepokelewa", hata wakiwa wamekaushwa. Kisha tukaona kwamba upatanisho peke yake hautoshi. Chumvi "imepokelewa" na fedha pia "imepokelewa", hivyo kiambishi hakiwezi kuzitofautisha. Hapo dawa ni kutenga sentensi mbili: "Chumvi imepokelewa. Fedha haijapokelewa." Mashine haijui lolote kati ya haya mpaka iambiwe, neno kwa neno.

Binadamu hana haja ya kuambiwa yote hayo. Wakati wa likizo, mimi na mke wangu huwapeleka watoto Bwera kwa bibi yao. Tukifika Ikweta, penye maduara makubwa ya zege, husimama ili watoto wapige picha, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Safari moja binti yetu mdogo alimwuliza bibi yake kwa nini watu wa ng'ambo ya mto husema kama yeye. Bibi akamjibu, "Mjukuu wangu, mto ulikuwapo. Mpaka ulikuja baadaye." Ni kweli: Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande wa pili husikilizana. Jioni hiyo bibi alikuwa akiwachezesha watoto maneno. Akisema omundu, abandu, wao humjibu mtu, watu. Akisema ekindu, ebindu, wao humjibu kitu, vitu. Hakuna aliyekuwa amewaonyesha jedwali la ngeli.

Burudani yangu nje ya kazi ni daftari ambalo huandika humo maneno ya sokoni. Kutoka Kasindi nimepata bintu, yaani vitu. Kutoka upande wetu nimepata katochi, yaani simu ndogo yenye tochi. Mwalimu mkali angeyafuta yote mawili kwa wino mwekundu. Ni kweli kwamba hayafai katika Kiswahili sanifu. Lakini bi- ya Kasindi ni jirani ya ebi- ya bibi, na ka- ni kiambishi cha udogo katika lugha nyingi za Kibantu. Mwanafunzi anayesema hivyo ana ngeli kichwani tayari. Kinachobaki ni kumpa umbo sanifu.

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili nchini Uganda, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wake. Mwaka huohuo Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, wapo Waganda wengi wanaokikumbuka Kiswahili kama lugha ya amri za askari, na watoto wao watafika darasani wakiuliza kina faida gani. Mwalimu anaweza kuwajibu kwa ule ujumbe wa magunia 20, akiwataka waseme ni nini hasa kilichopokelewa. Kisha awaulize, kwa lugha zao za nyumbani, kitu kimoja huitwaje na vitu vingi huitwaje. Jedwali la ngeli lije baada ya hapo, wakati wanafunzi wanajua tayari kinachozungumzwa.