Kisu cha Pindo la Leso

Mafuriko ya Novemba 2023 yalipoingia Chara tulihama usiku, na watoto mgongoni, Misahafu ikiwa imefungwa katika karatasi za plastiki, sufuria mbili na kuku wanne. Kisu cha marehemu mama kilibaki pale kilipochomekwa siku zote, kwenye makuti juu ya mlango. Tuliporudi baada ya wiki nyingi, paa lenyewe halikuwapo. Tulipoteza vitu vizito kuliko hicho, mpunga ukiwa wa kwanza. Hata hivyo kila asubuhi tulipoketi kufanya kazi mkono ulikwenda kiunoni kukitafuta, na hapo ndipo sisi dada watatu tulipotambua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kununua kisu cha kutembea nacho. Tulikuwa tumekirithi kimoja, tukakizoea kama tulivyozoea sauti ya mwenyewe.

Wasomaji wetu wa Mombasa na Malindi huenda wakashangaa. Mwanamke wa mjini kisu chake hukaa jikoni, na akitoka hutoka na mkoba. Kwetu mwanamke hutoka alfajiri kwenda shamba la ng'ambo ya mto, na arudipo jua limekwisha kuinama. Katikati ya hapo atakata kamba ya mtumbwi, atachana ukindu wa mkeka, atamenya embe la mtoto anayelia, atapasua kambare aliyenunua njiani, na wakati wa mavuno atakata mashuke ya mpunga moja moja kwa mkono. Kazi hizi zote panga halizifai. Mama alikuwa akikifunga kisu chake katika pindo la leso, upande wa kulia, na upande wa kushoto akifunga pesa. Tukiwa watoto tulijua kwa mlio wa hatua zake upande upi ulikuwa mzito siku hiyo.

Basi tukaenda Garsen siku ya soko, kila mmoja na fikira zake.

Mdogo wetu alipenda kimoja cha kukunja, chenye mpini mweusi wa plastiki na kitufe. Ukibonyeza kitufe, ubao wa chuma huruka nje kwa mlio mkali, tayari kwa kazi. Alisema mikono yetu huwa na mzigo daima, kwa hiyo kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja ni rehema. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Wa kati alitaka cha chuma cheupe kisichoshika kutu, kwa kuwa maji ya ndimu na utomvu wa embe hukitia chuma cheusi madoa, na samaki aliyekatwa kwacho huacha harufu ambayo majivu peke yake ndiyo huiondoa. Mkubwa wetu hakutaka chochote kilichokuwa juu ya meza ile. Yeye alitaka cha fundi, kilichofuliwa kwa springi ya gari kuukuu, kama kile cha mama.

Tulinunua vile viwili vya kwanza, kwa sababu wawili walimshinda mmoja. Tukakaa navyo miezi mitatu.

Cha chuma cheupe hakikushika kutu, ni kweli. Lakini kilipopoteza makali hakikukubali kuyarudisha. Asiyeijua nchi yetu ajue kwamba delta ya Tana ni udongo mtupu ulioletwa na maji kutoka bara. Unaweza kutembea nusu siku usikanyage jiwe. Wanawake wa Chara hunolea visu vyao chini ya kikombe au sahani ya udongo mweupe, kwenye ule mduara usiopakwa rangi, ambao ni mkavu na mkwaruzo kama kinoo chembamba. Chuma cha springi hukubali mduara huo kwa dakika chache. Chuma kile cheupe kiliumaliza mduara wa vikombe viwili vya harusi na kikabaki butu vilevile. Kisu butu kina hatari kuliko kikali, maana humlazimisha mtu kukandamiza, na kinapoteleza hakiulizi ni kidole cha nani.

Cha kukunja kilikuwa na maradhi mengine. Tope la mto liliingia katika bawaba, na tope likikauka humo ni saruji. Kilikwama mara kikiwa wazi, mara kikiwa kimefungwa. Hilo tungelivumilia. Jambo ambalo hatukulivumilia ni ule mlio.

Siku moja ndani ya matatu, mdogo wetu alikitoa ili akate kamba ya kikapu. Kikalia na kufunguka. Mazungumzo yalikatika gari zima. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi mbele yake aligeuka, akakitazama kile kisu, kisha akautazama uso wa mdogo wetu, kisha akatazama nje ya dirisha mpaka alipofika kituo chake. Hakusema neno. Naye mdogo wetu hakuikata ile kamba.

Hatupendi kuyaandika haya, lakini makala ya kisu kutoka Chara yasiyoyataja yatakuwa na shimo katikati. Baina ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya mia moja waliuawa katika delta hii, sisi wakulima wa Kipokomo na jirani zetu wafugaji wa Kiorma, kwa ugomvi wa malisho, maji na ardhi. Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao: msomaji wa mbali huyasikia kama majina ya vijiji, lakini kwetu ni majina ya siku. Miongoni mwa waliouawa kulikuwa na wanawake na watoto wengi. Vyombo vilivyotumika vilikuwa vya nyumbani, panga na mikuki, vyombo ambavyo jana yake vilifyeka shamba na kulinda ng'ombe. Serikali ilitangaza kafyu, askari wakapita vijijini wakitafuta silaha, na kwa muda mrefu baada ya hapo mama alikuwa akichana ukindu kwa wembe uliovunjika vipande. Kisu alikificha. Alipokitoa tena, hakukifunga tena katika pindo la nje la leso. Alikifunga la ndani.

Kwa hiyo tulipokaa kuchagua mara ya pili, tulitambua kwamba swali letu la kwanza lilikuwa na kasoro. Tulikuwa tumeuliza ni kisu gani kitatufaa sisi. Tulipaswa pia kuuliza atakiona vipi yule aliyeketi mbele yetu.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila adabu. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kupeana upanga ulio nje ya ala. Alimwamrisha apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwa upande wa vyuma vyake, asije akamdhuru Mwislamu. Na alionya vikali juu ya mtu kumwelekezea nduguye chuma, hata kwa mzaha. Tuliyasoma haya madrasani tukiwa wadogo tukidhani ni habari za mashujaa wa farasi. Kumbe ni habari za matatu ya Garsen.

Bibi naye alikuwa na adabu zake, nyingine njema, nyingine za kuachwa. Alitukataza kupeana kisu mkono kwa mkono: kiweke chini, mwenzako akichukue mwenyewe. Hiyo tumeishika. Alikuwa pia akiweka kisu chini ya mto wa mtoto mchanga eti kumkinga na majini, na hiyo tumeiacha. Kinga ya mtoto ni dua na Ayatul Kursiy, na kisu chini ya mto ni cha kumkata mzazi anayetandika kitanda usingizi ungali machoni.

Fundi wetu tulimpata. Tulimpelekea kipande cha springi na maagizo ambayo mkubwa wetu aliyasema akihesabu kwa vidole. Urefu wa makali usipite upana wa kiganja. Kisikunjwe, ili tope lisipate pa kukaa. Mpini uwe wa mti mgumu usiopakwa rangi, kwa maana rangi huteleza mkono ukiwa na damu ya samaki. Ala iwe ya ngozi ya ng'ombe, nene, yenye ukanda wa kufunga fundo, si ya kuchomeka tu. Na ncha iviringwe.

Fundi aliweka nyundo chini. Alisema kisu bila ncha ni kijiko. Mkubwa wetu alimjibu kwamba kazi zetu zote hufanywa na makali, na kwamba ncha ina kazi moja tu ambayo hatuihitaji. Kusema haki, hakusema kweli yote. Ncha hufaa sana kumpasua kambare tumboni, na mpaka leo tunamwanza kwa mwiba wake mwenyewe au kwa kisu cha jikoni. Lakini fundi alinyamaza, akafanya tulivyotaka. Wanaume wetu hucheka. Wao siku ya harusi huvaa jambia kiunoni kwa fahari, na Waomani wamelitia jambia lao hata katika bendera ya nchi. Hatuna ugomvi na fahari. Ila jambia la harusi halijawahi kumenya embe.

Kisu chenyewe si kizuri. Ni cheusi, kifupi, kichwa chake kama ulimi wa ng'ombe. Kila Alhamisi jioni hupakwa mafuta ya nazi, la sivyo Ijumaa kimeshika kutu. Katika vituo vya ukaguzi barabarani hukaa kikapuni juu ya vichane vya ukindu, ala imefungwa fundo, na mpaka sasa hakuna aliyetuuliza zaidi ya mara moja.

Mvua za Aprili na Mei 2024 zilileta maji tena. Mara hii tulipanda mapema kwenye mwinuko, na kisu kikiwa pindoni. Jirani zetu wa hapo walikuwa jamaa wa Kiorma waliohama na mbuzi wao. Tulisalimiana vizuri na kukaa mbalimbali, kila upande ukipikia kwake. Siku ya tatu wanaume wote, wao na wetu, walikuwa wamekwenda na mitumbwi kutafuta unga. Mbuzi jike mmoja wa wale jirani alitumbukia ukingoni, mguu ukavunjika, akavutwa juu akiwa anakoroma. Alikuwa anakufa, na ikiwa angekufa hivyo angekuwa mzoga. Mama mwenye mbuzi alitazama mtoni, akatazama huku na huku. Kisu cha mumewe kilikuwa na mumewe.

Tulimwendea. Mkubwa wetu akafungua fundo la ala na kukitoa kisu.

Yule mama alikuwa na mtoto wa kike ameshika nguo yake. Alipoona chuma, mkono wake ulirudi nyuma ukamsukuma yule mtoto mgongoni pake. Haikuchukua hata pumzi moja, na nadhani yeye mwenyewe hakujua amefanya. Sisi tulijua. Mkubwa wetu alikirudisha kisu katika ala, akakiweka chini juu ya majani, mpini ukimwelekea yeye, akarudi hatua mbili.

Yule mama akainama, akakichukua. Alikitoa, akapitisha kidole gumba pale ncha ilipostahili kuwa. Akatutazama.

"Dada zangu, mbona hakina ncha?"

"Tulimwambia fundi aiondoe."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema mkono wake unatetemeka, tuchinje sisi. Mdogo wetu akanong'ona kama inajuzu mwanamke kuchinja hali wanaume wapo, ingawa wako mtoni. Inajuzu. Katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya kijakazi wa Kaab bin Malik aliyekuwa akichunga karibu na mlima wa Sal'. Akamwona kondoo anakufa, akavunja jiwe na kumchinja kwa ubavu wake mkali. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa, aliruhusu nyama ile iliwe. Yule alikuwa na jiwe. Sisi ambao nchi yetu haina hata jiwe, tulikuwa na springi ya gari. Tulimgeuza mbuzi kuelekea Kibla, mwenye mbuzi akamshika kichwa, mkubwa wetu akataja jina la Mwenyezi Mungu na kupitisha makali mara moja. Mara moja ilitosha. Katika mambo yote tuliyofundishwa juu ya kuchinja, lile la kunoa kisu ili mnyama asiteseke ndilo tuliloshukuru siku hiyo kwamba tulilifanya Alhamisi.

Nyama ilipikwa katika sufuria zetu mbili, na waliporudi wanaume walikuta wamekwisha kuhesabiwa pamoja.

Asubuhi yake yule mama alikuja kuomba kisu ili achune ngozi vizuri. Kilikaa kwake siku mbili. Kiliporudi kilikuwa kimepakwa mafuta, na makali yake yalikata unywele wa mkononi kwa kugusa tu, jambo ambalo sisi hatujawahi kulifikia. Tulimwuliza amekinolea nini mahali hapa pasipo na mawe. Akacheka, akaingia hemani mwake, akatoka na kikombe cha chai cheupe, akakipindua kutuonyesha chini.