Chema Chajiuza? Katika Kumsaka Mchomaji Bora

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imekaririwa madarasani miaka na mikaka, na ni nadra mtu kuitilia shaka. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kufuata barabara kuu ya Nairobi na Nakuru hadi Kikopey, karibu na Gilgil, anajua kwamba zipo methali ambazo hupimwa na tumbo. Pale, dereva hajazima injini, vijana waliovalia makoti meupe huwa tayari wamelizingira gari mithili ya nyuki, kila mmoja akiapa kwamba mbuzi wa kwao ndiye aliyenona na kwamba jirani anauza mifupa. Ikiwa wote wanajitembeza, chema ni kipi na kibaya ni kipi?

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Nchini Kenya nyama choma si kitoweo tu. Ni yamini ya urafiki, ni kifungua mazungumzo ya mahari, ni kipatanishi cha mashemeji waliokosana na ni zawadi ambayo karani hujipa mshahara unapoingia. Ndiyo maana mtafutaji wa choma bora si mtu mmoja. Ni mwanafunzi aliyechangisha na wenzake shilingi za kilo moja na nusu. Ni mjomba aliyerejea kutoka ughaibuni akiwa na hamu ya miaka saba. Ni dereva wa lori ambaye kila mji kwake hukumbukwa kwa mbavu zake. Waulize watatu hao mahali palipo bora, nawe utapata majibu manne, maana akili ni nywele na ulimi nao una kwao.

Jina lenyewe ni kisa. Mwalimu wa sarufi angependa watu waseme nyama ya kuchoma, au nyama iliyochomwa, ili kitenzi kivae mavazi yake kamili. Umma haukumsubiri. Uliliweka shina la kitenzi wazi baada ya nomino, likabaki hapo: nyama choma, kuku choma, mahindi choma. Tena neno halikutulia nyumbani. Lilivuka mpaka, na nchini Uganda nyama inayouzwa kwa mishikaki kando ya barabara huitwa muchomo. Neno likisafiri hivyo, ni ishara kwamba kitu chenyewe kimependwa. Ila safari ya neno isimdanganye mtafutaji akadhani kwamba jina likiwa moja, kinacholiwa nacho ni kimoja.

Hebu na aanzie Kajiado. Akitoka Kiserian, apite Kona Baridi na kuteremka kuelekea Magadi, atafika Kisamis, ambako mlaji huketi akilitazama Bonde la Ufa likinyooka mbele yake. Hii ni nchi ya wafugaji. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, mwenye mkia wa mafuta na sifa ya kustahimili minyoo, ni wa malisho haya. Nyama hapa haihitaji viungo vingi. Chumvi inatosha, na mafuta yanayodondokea makaa ndiyo yanayorudi juu kama moshi na kuitia ladha. Nyuma ya meza hizo kuna mila kongwe ya olpul, ambapo wanaume hujitenga porini kwa siku kadhaa, wakala nyama na kunywa supu iliyochemshwa na mizizi na magome ya miti. Mteja wa Jumamosi anayeagiza supu chungu kabla ya choma anagusa ukingo wa mila hiyo, ajue asijue.

Akipanda nyanda za kati, mambo hugeuka. Huko jioni ina harufu yake, nayo ni ya mutura: utumbo mpana uliojazwa nyama na damu, ukachomwa polepole hadi ngozi yake ikakauka na kupasuka. Mutura hauna hoteli wala orodha ya vyakula. Una ubao, kisu, chumvi, kachumbari na watu waliosimama bega kwa bega, wakili na mpiga debe wakinyoosha mikono pamoja. Ajabu ni kwamba kitu hiki, ambacho wengi hukihesabu kuwa chakula cha wasio na kitu, ndicho kinachodai ustadi mkubwa zaidi. Moto ukizidi, utumbo hupasuka. Ukipungua, ndani hubaki mbichi.

Pwani nako, choma huvaa joho jingine. Mishkaki ya Mombasa hulazwa kwanza katika tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi, ambalo hulainisha nyama kabla haijaonja moto. Vipande ni vidogo, moto ni mkali, na ukwaju hukaa karibu. Mlaji wa bara aliyezoea kuhesabu kilo huenda akaviona vijiti hivyo kuwa mzaha. Mlaji wa Pwani naye akikabidhiwa mguu mzima juu ya ubao, hujiuliza mpishi alikwenda wapi. Wote wawili wana haki. Mmoja anamsifu mnyama, mwingine anausifu mkono uliomwandaa.

Halafu kuna Nairobi, jiji linalokusanya yote. Kiamaiko hupokea mbuzi walioletwa kwa malori kutoka kaskazini, na soko la Kenyatta humlisha mteja huku msusi akimalizia nywele za jirani yake. Huko Lang'ata, mkahawa wa Carnivore ulifunguliwa mwaka 1980, miaka 3 baada ya uwindaji kupigwa marufuku nchini, ukajenga jina kwa shimo kubwa la makaa na kwa kibendera kidogo mezani: mhudumu huendelea kukata nyama mpaka mlaji akiangushe kibendera hicho kama jeshi lililosalimu amri. Watalii wameupenda mno, na sifa zake zimeenea duniani. Lakini sifa ya mlango mmoja si sifa ya nchi nzima, na hapo ndipo mtafutaji anapopaswa kukaza macho.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaijua hadithi inayofanana na hii. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kuusimamia usanifishaji huo. Faida zilipatikana: vitabu, shule na mitihani iliyoeleweka kutoka pwani hadi maziwani. Hasara nayo ilikuwepo, kwani vizazi vya wasemaji wa Kimvita na Kiamu vilifunzwa kuiona lugha ya mama zao kama makosa ya kusahihishwa. Orodha za choma bora hutenda jambo lilo hilo. Hutwaa kipimo cha mahali pamoja, yaani ulaini, ukubwa wa ubao na mandhari ya kupigia picha, kisha huzipima kwacho lahaja zote za moto. Mbuzi wa kaskazini aliyetembea masafa marefu akitafuta malisho ana nyama inayomtaka mlaji atafune. Kumwita mgumu ni sawa na kumkosoa Mwamu kwa kuzungumza Kiamu.

Je, hii ina maana kwamba hakuna bora wala duni? La hasha! Lahaja zina wasemaji hodari na wasemaji wababaishaji, na choma vilevile. Mtafutaji mwenye busara huingia kwanza buchani, si mezani. Huangalia kama mzoga una muhuri wa mkaguzi. Huchagua kipande mwenyewe, akataka mkono au mguu au mbavu, na kushuhudia mizani ikitulia. Huuliza mnyama ametoka wapi, kwa sababu muuzaji asiyejua jibu huenda hajui pia alichinjwa lini. Kisha hukubali kungoja. Kipande kinachofika mezani kabla maongezi hayajakolea kilichomwa mapema kwa ajili ya mtu mwingine, naye hakuja. Mwisho, hutazama wanaokula humo siku isiyo ya sherehe. Wenyeji wa mahali hawarudii mara mbili palipowapunja.

Maswali haya yana sababu. Mnamo Julai 2019, ripoti ya uchunguzi kwenye runinga ilizua taharuki nchini ilipodai kwamba baadhi ya nyama madukani ilitiwa kemikali ili ibaki nyekundu na ionekane mbichi. Kwa siku kadhaa wengi waliitazama sahani kwa shaka. Rangi, ambayo mlaji aliichukua kuwa ushahidi, iligeuka kuwa shahidi wa uongo.

Aidha, kuna deni lisiloandikwa kwenye risiti. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea hadi mapema mwaka 2023 uliangamiza zaidi ya mifugo milioni 2 katika maeneo kame ya Kenya. Kwa mlaji wa mjini, msiba huo ulifika kama ongezeko la bei ya kilo. Kwa mfugaji wa Marsabit au Kajiado ulikuwa kufutika kwa akiba, karo na mahari kwa mpigo mmoja. Anayeuliza mbuzi ametoka wapi, basi, halindi tumbo lake pekee. Anakiri kwamba nyuma ya ubao kuna malisho, na nyuma ya malisho kuna watu ambao majina yao hayaandikwi kwenye mabango.

Turudi kwa wahenga. Hawakukosea, ila walisema nusu, wakatuachia nusu. Chema hujiuza kwa mnunuzi anayejua kukisoma. Kwa asiyejua, chema na kibaya huvaa koti jeupe lile lile na kupunga mkono ule ule kando ya barabara. Alhasili, anayemsaka mchomaji bora wa eneo fulani na ajifunze kwanza lahaja ya eneo hilo: mnyama wake, moto wake, kisu chake na adabu ya kungoja kwake. Akishaijua, hatahitaji kuvutwa mkono na mtu. Asipoijua, atashiba, lakini hataelewa alichokula.